Hati ya Kuagwa Kikamilifu

Wananchi wote wanafahamishwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba tangu Idara ya Kuagana ifungue milango yake, hakuna mtu aliyeondoka nchini kihuni. Zamani watu walikuwa wakijiondokea hivi hivi. Mtu anafunga begi, anasimama mlangoni, anasema "haya jamani," na huyo, ametokomea. Nyuma anaacha shangazi wamenuna, majirani wanatafuta masufuria yao, na taifa zima lina dukuduku moyoni. Serikali ikasema basi. Sasa kila msafiri sharti awe na Hati ya Kuagwa Kikamilifu, yenye muhuri wa Mkaguzi Mkuu wa Kuagana, la sivyo haendi ng'o.

Mkaguzi Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na muhuri, fomu, na kitambaa cheupe cha serikali cha kupimia machozi. Kila hafla ya kuaga alihudhuria yeye mwenyewe, kwa sababu kazi ya machozi haikaimishwi. Akikaribishwa kiti cha mbele, alikaa. Akikaribishwa chakula, alikula kwa niaba ya umma. Kisha alisikiliza hotuba, akapitisha kitambaa kwa waliokuwa wakilia, akakiinua kwenye mwanga, akaandika alichokiona. Hakuwa na choyo wala kinyongo na mtu. Mwenye roho mbaya hawezi kuwanyima watu haki zao kwa upole namna ile.

Ndipo likamfikia faili la mwalimu wa hesabu.

Mwalimu alikuwa amepata kazi ya kufundisha ng'ambo. Shule ya huko ilimwandikia kwamba nyumba ipo, darasa lipo, muhula unaanza Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na asipotokea siku hiyo nafasi atapewa mwingine. Huku nyumbani alikuwa ameshaacha kazi, na meza yake ilikwisha kukaliwa na mwalimu mpya, ambaye hakukawia hata kubadilisha kufuli la droo. Kwa hiyo pa kurudi hana, na bila hati pa kwenda hana.

Hafla ya kwanza ilifana. Mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa, alilia mpaka ikabidi mjomba amshike mkono. Mkaguzi aliguswa sana, akala sahani mbili. Kesho yake mwalimu akaenda dirishani kuchukua hati.

"Pana kasoro ndogo," Mkaguzi alimwambia kwa huruma. "Mama mdogo alianza kulia kabla ya hotuba."

"Alikuwa na huzuni, Mheshimiwa."

"Huzuni ya nini, na hotuba haijasomwa? Hicho ni kilio kisicho na msingi."

"Si alikuwa anajua naondoka!"

"Alijua kienyeji," alisema Mkaguzi. "Nendeni mkarudie."

Hapa ndipo inapoingia Kanuni ya Kutoonekana, na ni kanuni nzuri sana. Inasema kwamba mtu aliyekwisha kuagwa asionekane tena, awe amepata hati au hajapata. Na kweli, haifai watu wakulilie leo, halafu kesho wakukute dukani unanunua sabuni. Huko ni kuwadhihaki watu na machozi yao. Mwalimu aliujua uzuri wa kanuni hiyo siku aliyojisahau akatoka kwenda kununua sabuni.

"Wewe si tulikuaga?" muuza duka alimkodolea macho. "Si nilikupa na begi langu?"

"Bado nasubiri hati, kaka."

"Basi nirudishie begi. Kusubiri hakuhitaji begi."

Toka siku hiyo akawa anajificha nyumbani kwa mama mdogo, nyuma ya majora ya vitambaa. Alipolazimika kwenda ofisini alijifunika kwa mwavuli mkubwa mpaka kiunoni. Mkaguzi, ambaye alikuwa mtu wa sheria hasa, hakumwona. Aliongea na mwavuli.

Hafla ya pili ilitanguliza hotuba, kilio kikafuata, kila kitu kwa utaratibu. Siku ya Alhamisi mwavuli ukafika dirishani.

"Machozi yalikuwepo," Mkaguzi alikiri. "Tatizo ni kwamba nilipopita jikoni kuhakiki chakula, niliona vitunguu."

"Mheshimiwa, mchuzi ulioula wewe mwenyewe ulikuwa na vitunguu!"

"Na ulikuwa mtamu, sikatai. Ila sasa nitajuaje chozi lipi ni la huzuni na lipi ni la mapishi?"

Mwavuli ukatetemeka. "Naanza kazi Jumatatu hii. Ndege yangu ni Jumamosi jioni."

"Ndiyo maana nakuambia mapema," Mkaguzi alisema, akaitikia kwa kichwa kama mzazi. "Basi fanyeni Jumamosi mchana. Nami nitakuja na njaa ya kutosha, msijali."

Jumamosi mchana alifika, akakaa kiti chake cha mbele, akala. Kitunguu hakikuwepo hata kimoja, na alihisi kutokuwepo kwake kwenye mchuzi. Mjomba akasoma hotuba kwa mara ya tatu. Karatasi ilikuwa imechakaa, na pale penye "leo ni siku ya pekee" alishindwa hata yeye kujizuia, akapiga mwayo. Kisha wote wakageuka kumtazama mama mdogo.

Mama mdogo akafinya macho. Wapi. Akafikiria misiba yote ya ukoo, mmoja baada ya mwingine. Makavu.

"Yamekauka, baba," alimwambia Mkaguzi. "Huyu mtoto tumemuaga mpaka tumemchoka. Kila asubuhi nakanyaga miguu yake nyuma ya majora."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Begi lilikuwa mlangoni, na teksi ilikuwa nje inanguruma. Mkaguzi alimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini huruma ya Mkaguzi haikuwa na nafasi yake kwenye fomu, kwa hiyo akafunga mkoba.

"Msikate tamaa," alisema. "Tutaonana Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo?" Mama mdogo aliitazama sufuria tupu. Akamtazama Mkaguzi. Akaitazama tena sufuria. "Hapana. Leo mtu ataagwa humu ndani. Simama, baba."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mama, mimi siendi popote."

"Hata huyu hajaenda popote, na tumemuaga mara tatu!"

Hoja ilikuwa nzito. Mkaguzi alitafuta kichwani kanuni ya kuipinga, akaikosa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Mjomba akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza akasema ya moyoni.

"Ndugu zangu, Mheshimiwa huyu tumekaa naye. Alikuja, akala. Akaondoka, akarudi, akala tena. Leo tunamtakia safari njema. Aende salama, na aende mbali. Huko atakakofika wampokee, wampe kiti cha mbele, wampende, na tunawaomba sana wasimrudishe."

Makofi yalilipuka. Mama mdogo akafumba macho, akaiona Jumamosi isiyo na Mkaguzi, chakula kikiwa kwenye sufuria mpaka jioni, na machozi yakamtoka kama mtu aliyepewa habari ya mjukuu. Muuza duka naye akaanza. Jirani wa upande wa pili, aliyeazimwa viti vyake mara tatu, alilia kwa sauti. Kitambaa cha serikali kilizunguka chumba kizima, na kilipomrudia Mkaguzi kilikuwa kinachuruzika.

Lakini Mkaguzi hakukiinua kwenye mwanga. Miaka yote aliyosimamia watu wakiagwa, yeye hakuwahi kuagwa. Alipohamishwa kutoka ofisi yake ya zamani, wenzake walimwuliza tu funguo ziko wapi. Sasa alisimama katikati ya watu wanaomlilia, akauzamisha uso kitambaani, jambo ambalo kanuni inalikataza kabisa.

"Sikujua mnanipenda hivi," alisema kwa kwikwi.

Hakuna aliyemsahihisha.

Hata hivyo, kazi ni kazi. Hotuba ilitangulia. Kilio kilikuwa na msingi. Kitunguu hakuna. Hii ilikuwa hafla kamilifu ya kwanza kuishuhudia maishani, na kuiacha bila kuiandika ingekuwa hujuma. Fomu pekee iliyokuwa mkobani ilikuwa ya mwalimu. Akaandika huku anapenga kamasi: Msafiri, mwalimu wa hesabu. Aliyeagwa, mimi mwenyewe. Hali ya kuagwa, kikamilifu. Akapiga muhuri nakala zote mbili, moja ya idara, moja ya msafiri.

Mwalimu aliikwapua yake wino haujakauka.

"Nenda, mwanangu," mama mdogo alisema mlangoni, na hapo yakamtoka machozi ambayo hayakuitwa na mtu. Walishikana mpaka dereva akapiga honi. Mkaguzi hakuyapima, kwa sababu uso wake ulikuwa bado kitambaani.

Jumatatu asubuhi askari wa mlango wa idara alitazama juu ya kichwa cha Mkaguzi.

"Nipishe," Mkaguzi alisema.

"Siwezi kumpisha mtu ambaye simwoni, Mheshimiwa. Umeshaagwa."

"Mimi niko hapa!"

"Punguza sauti, unazidi kujiongezea kosa."

Dirisha la juu likafunguka, na Mkurugenzi akachungulia. Kwa adabu aliuangalia ukuta.

"Hongera sana!" aliuambia ukuta. "Faili la kwanza lisilo na kasoro tangu idara ianze! Nimelitia kwenye fremu. Ofisi yako tumempa mwingine, usiwe na wasiwasi."

"Lakini siendi popote, bosi!"

"Hiyo ni wewe na safari yako. Sisi tunashughulika na kuaga tu."

Dirisha likafungwa. Mkaguzi akajifunika uso kwa mkoba, akakata vichochoro mpaka kwenye nyumba pekee aliyoijua yenye watu waliowahi kumlilia. Mama mdogo alikuwa kizingitini, simu sikioni, anacheka kwa furaha, kwa sababu mwalimu alikuwa amepiga kusema ameingia darasani na chaki anayo mkononi. Alipomwona Mkaguzi, simu nusura imponyoke.

"Baba! Mchana kweupe! Unataka tufungwe sote?"

Akamkamata koti, akamvuta ndani, akampitisha moja kwa moja hadi jikoni, ambako masufuria ya Jumamosi yalikuwa yamerundikwa hadi usawa wa kifua.

"Sheria yenu imekataza kuonekana," alimwambia. "Kuosha vyombo haikukataza. Na humu hakuna dirisha."

Mkaguzi Mkuu aliyatazama masufuria. Akavua koti, akatafuta pa kulitundika, hapakuwepo.

"Nitakaa humu mpaka lini, mama?"

"Tunalishughulikia," mama mdogo alisema, akamkabidhi sufuria la kwanza.