Mbuzi Wangu Wamefika Msambweni, Sinki Halijafika

Kahindi Tembo,
Mtunza Nyumba za Wageni,
Tiwi.

Kwa Bi. Warda Swabir,
Meneja, Ofisi Kuu,
Ukunda.

Bi. Warda mheshimiwa,

MINTARAFU: TABLETI ZA KAMPUNI NA MBUZI WANGU

Baada ya salamu, nakuombea afya njema wewe na wote walio chini ya usimamizi wako, tukiwamo sisi. Nimekuandikia kwa kalamu na karatasi, wala si kwa ile tableti, kwa sababu karatasi ina adabu zake: ukiiacha Tiwi, hubaki Tiwi.

Utakumbuka ulivyotukusanya ofisini, pale Kona ya Musa, ukatugawia tableti mpya na kutueleza kwamba tangu siku ile nyumba zote tunazotunza, za Tiwi, za Diani na za Msambweni, zitaonana. Picha itakayopigwa kwenye tableti moja itajitokeza kwenye tableti zote. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wenzangu, na sasa ningeomba, kama inawezekana, nirudishiwe makofi yale.

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa nambari ili yasipotee njiani kama mengine.

1. Sinki la jikoni la nyumba ya nne linavuja tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kwa utaratibu uliotuwekea, picha ya kazi haisafiri mpaka wewe mwenyewe uipe kibali. Nami ni mtu wa utaratibu. Nimelipiga picha sinki lile likiwa na ndoo chini yake, nikalipiga likiwa na beseni, na juzi nikalipiga likiwa na karai la saruji, maana beseni lilikuwa limeelemewa. Picha zote zimekaa zikingoja kibali. Ni picha zenye subira ya ajabu. Mgeni mmoja aliniuliza kama yale ni mapambo ya maji. Nikamwambia ni sehemu ya huduma, wala hatutozi chochote cha zaidi.

2. Picha isiyo ya kazi, kwa upande wake, haihitaji kibali cha mtu. Ukibonyeza tu, imeshafika Msambweni. Hili sikulijua. Uliamuru kila mtu arudi na tableti yake nyumbani isije ikaibwa stoo, nami nikienda kwangu Kinango siku za mapumziko huenda nayo. Simu yangu ni mulika mwizi, haina kamera ya maana. Basi jioni moja, mvua imenyesha vizuri, majani yamechipua, mbuzi wangu wamenenepa na manyoya yanang'aa, nikawapiga picha mmoja mmoja. Beberu mwenye paji jeupe nilimpiga mara mbili. Sikumtumia mtu. Niliwapiga kwa mapenzi tu, kama mtu anavyowapiga wanawe siku ya sikukuu. Mbuzi ambao hawajawahi hata kuuona mji wa Kwale wakawa Diani na Msambweni kabla sijawafungia zizini. Hakuna aliyewaambia wangoje kibali.

3. Katika kuijaribu kamera nilimpiga pia mwanangu Kenga akisonga sima. Mama yake, mke wangu Kahaso, alikuwa amevunjika mkono alipoteleza bwawani akiteka maji, na kwa kuwa nyumbani hatuna binti, Kenga ndiye aliyekuwa akipika na kumlisha. Siku ile alikuwa amejifunga leso ya mama yake kiunoni, mwiko mkononi, jasho linamtoka. Kijana mwenye ndevu zake, Bi. Warda. Picha hiyo nayo imeenea. Wenzetu wa Diani wakinipigia simu huniuliza kama binti yangu ameshaposwa. Nimeona haya mpaka nimemficha Kenga jambo hili.

4. Sasa nafika kwenye msiba wenyewe. Kenga anataka kumuoa Mwongeli, binti ya Mzee Mulwa, ambaye ni bawabu wako kule Msambweni. Wamependana kwa dhati, na kijana haoni usingizi. Mzee Mulwa ni Mkamba, na kwao posa bila mbuzi si posa. Nilikwenda kwake na ndugu zangu wawili, na kama ilivyo desturi nikaanza kulia hali: ukame, maradhi, mbuzi wamekwisha, waliobaki ni watatu na mmoja anakohoa. Huo si uongo, ni adabu. Baba wa kijana anayetaja mali yake yote siku ya posa huonekana hakulelewa. Mzee Mulwa alikuwa akitikisa kichwa na kunipa pole, na mambo yalikuwa yakienda vizuri sana.

Kumbe tableti yake iko mezani, imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Na tableti zako zikiachwa kidogo bila kazi huanza kuonyesha picha zenyewe. Mbuzi wangu wakaanza kupita. Walipita kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, wote wameshiba. Wa mwisho alikuwa yule beberu, katika picha ya pili ambayo Kenga ndiye aliyenishikia tableti, nami nimo pichani, nimevaa sare ya kampuni, nimemkumbatia nikicheka. Wakati huo nilikuwa bado nazungumzia ukame.

Hakuna aliyepaza sauti. Mzee Mulwa aliniuliza tu, kwa upole, yule anayekohoa ni yupi. Kisha akasema binti yake hawezi kwenda kwenye nyumba inayoficha mbuzi, kwa kuwa hajui itaficha nini kingine. Sukari tuliyokwenda nayo tukarudishiwa mlangoni. Kenga hasemi nami tangu siku hiyo, na hilo linaniuma kuliko maneno yote ya Mzee Mulwa.

5. Katika kanuni ulizotutaka tuzitie sahihi imeandikwa kwamba kila picha iliyomo kwenye tableti ni mali ya kampuni. Nimelitafakari sana jambo hili. Kampuni haiwezi kuchukua sura za mbuzi ikaniachia mimi matumbo yao. Ikiwa sura ni zenu, na mbuzi ni wenu. Na kama mbuzi ni wenu, mimi sikumdanganya Mzee Mulwa hata kidogo, maana sina mbuzi. Na kama mwenye mbuzi ndiye mtoa mahari, basi baba wa bwana harusi ni kampuni, nami nilikwenda Msambweni kama mjumbe tu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, picha zangu zifutwe kwenye tableti zote, ikianza ile ya leso. Mtambo huo wa kuonana uzimwe kabisa. Kisha Jumamosi uje mwenyewe Msambweni na wazee wa upande wako, upose upya kwa niaba ya kampuni. Njoo na sukari, majani ya chai na leso ya mama wa binti. Ukifika usitaje ukame. Tableti yako iache ofisini.

Nisalimie mhasibu, dereva, wafua nguo wote wa Diani (waambie Kenga ni mwanamume), na yeyote anayehusika na vibali, kama yupo.

Ni mimi mtunza nyumba wako, na kwa mujibu wa nambari tano, mchunga mbuzi wako,

Kahindi Tembo.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeifungua kwa sababu Kenga amefika hapa Tiwi sasa hivi akitokea Msambweni, na anasema nami. Tulipoondoka siku ile, mama yake Mwongeli aliendelea kutazama zile picha mpaka akaifikia ya Kenga na leso. Akauliza kijana huyu anampikia nani. Mwongeli akamweleza habari ya mkono wa Kahaso. Basi mama huyo akamwambia mumewe kwamba mbuzi kila mtu huwaficha, lakini kijana wa kumsongea sima mamaye hajamwona mwingine, na binti yake ataolewa nyumba hiyo. Mzee Mulwa amekubali. Anataka mbuzi watatu tu, ila mmoja awe yule beberu wa paji jeupe. Nimekubali kumtoa, ingawa nimelia kidogo.

Tafadhali usifute picha yoyote wala usizime chochote. Ile ya Kenga nakuomba unichapishie kubwa, nataka kuitundika ukutani.

Kuhusu sinki, nimelipiga picha tena leo. Safari hii nimeazima mbuzi kwa jirani, nikamsimamisha mbele yake.