Kiajemi na Kicheki Vimeninyang'anya Kiti

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa bibi wa Mzungu. Mimi, Mukantwari! Zdenka, yule Mcheki anayefundisha watu wa Kanzenze kufuga nyuki, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, kaja kuniomba. Wazazi wake walishafariki. Jumamosi anaposwa hapa uani kwangu kwa desturi yetu ya gusaba, na hana bibi wa kukaa naye kwenye viti vya mbele. Nikamwambia ameshampata. Jina lake tu ndilo linanishinda, Z na D zimegongana mlangoni.

Bwana arusi ni Behruz, Mwajemi, anapima gesi ya ziwa. Na aliyejifanya mama yake ni nani? Nyirarukundo! Jirani huyu aliyerudi kutoka Goma na Kiswahili chenye kilema. Kanirushia maneno juu ya ua kwamba yeye iko mama wa bwana, mi nitabakia na midomo tu. Midomo! Mimi nimekulia Karagwe, Kiswahili changu kimenyooka.

Siku ya gusaba pande mbili hupigana kwa maneno. Basi mpango ninao. Nitazilinganisha lugha zao zote mbili, nionyeshe mbele ya watu kwamba ya binti yetu iko juu na hao wamekuja kuomba wakiwa chini. Nyirarukundo atatafuta pa kujificha.

Jumanne, 5 Agosti

Yezu wee! Zdenka kanifundisha Kicheki nikimenya viazi. Shingo ni "krk". Kidole ni "prst". Mbwa mwitu ni "vlk". Watu wanapumulia wapi? Nilijaribu, jino la bandia likaangukia kwenye viazi.

Na kuna baya zaidi. Kwao kila kitu kina jinsia. Meza ni mwanaume! Nimekuwa mjane miaka yote hii, padre anaingia na kutoka, kumbe sebuleni nina mwanaume. Nikauliza dirisha. Eti dirisha si mume wala si mke. Sikuuliza zaidi.

Zdenka anamwita mchumba wake "broučku", maana yake kidudu. Mwanaume mzima mwenye ndevu! Nimemkaripia. Kacheka.

Jumatano, 6 Agosti

Zamu ya Kiajemi. Nilimwita Behruz kwa chai. Kasema chai kwao ni chai. Zdenka akadakia kwamba hata kwao ni chai. Sikushtuka. Chai huletwa na wafanyabiashara, inafika popote.

Kwao hakuna meza mwanaume. Hata mtu mume na mtu mke neno ni moja, kama sisi tunavyosema yeye. Lugha ya watu wenye akili! Hii simwambii mtu, ni ya upande wa Nyirarukundo.

Lakini halafu kamgeukia Zdenka, kasema neno taratibu, macho yamelegea. Nikauliza maana. Eti: nile ini lako. Ini! Mbele yangu! Eti ndivyo wanavyobembelezana. Nimeficha visu vyote chini ya godoro.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijala.

Niliwaita wote wawili nipate maneno ya mwisho. Nikauliza ndugu zao wanawaitaje. Kaka: huyu "bratr", huyu "baradar". Mama: huyu "matka", huyu "madar". Wawili ni "dva", wawili ni "do". Mana yanjye, Mungu wangu! Hao ni ndugu! Chai inanunuliwa, lakini mama? Nani kawahi kumbeba mama yake kwenye gunia akampitisha mpakani Petite Barrière akauze Goma? Neno la mama linatoka nyumbani.

Mjukuu wangu Mutoni kasema bibi, hizo ni lugha tu, zimefanana tangu zamani sana. Nikamjibu ndiyo hiyo zamani ninayoisema! Undugu unaanzia wapi, jana?

Nilimkimbilia Karangwa, msemaji wetu, mwanajeshi mstaafu. Kasema nikalale. Kesho nitasema mwenyewe. Siwezi kukaa kiti cha heshima nikibariki dhambi.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Aibu. Aibu.

Uani palijaa. Mimi mbele, kitenge kipya, Zdenka kanishika mkono. Msemaji wao alipotamka tu kwamba wanaomba binti, nilisimama. Nikapaza sauti kwamba haiwezekani, hawa ni damu moja, nikataja akina bratr na baradar, matka na madar, nikauliza wanataka kuniletea laana nyumbani.

Mara makofi! Vigelegele! Karangwa kaninong'oneza kwamba sijawahi kusikika hivi, nimetisha. Kumbe walidhani ni vile vikwazo vya utani ambavyo upande wa binti huwatilia waombaji! Nikalia kwamba sitanii. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja alijifuta machozi.

Ndipo Nyirarukundo akainuka, taratibu, nyoka yule. Akasema: "Bon! Kama beko ndugu, donc basi huyu mutoto ni wetu toka zamani. Tunamuomba kwa nani? Mulete!"

Uani pakalipuka. Wakamchukua Zdenka mkononi mwangu, wakamkalisha upande wao, ubavuni kwa Nyirarukundo. Hata kuomba hawakumaliza. Picha zote zimepigwa kule. Mimi kwenye picha natokea kiwiko.

Kwa maneno yangu mwenyewe! Na Kiswahili chake kile!

Jumapili, 10 Agosti

Zdenka kaja na asali, kanikumbatia, kasema sitaacha kuwa bibi yake. Sawa. Halafu kaniambia kwamba lugha yake na ya mchumba wake ziliachana maelfu ya miaka iliyopita, na siyo hizo tu, Wahindi wamo, Warusi wamo, hata Wareno. Nimekaa chini. Yaani nchi zote hizo wanaoana ndugu kwa ndugu na serikali zao zinaangalia tu!

Nimemsamehe, hakujua. Lakini mimi najua, na nyumba yangu nitailinda.

Jioni Mutoni kaniambia kwa aibu kwamba naye ana mchumba, fundi wa simu kutoka Musanze, kijana mpole, yuko nje anasubiri kunisalimia. Nikamuuliza jambo moja tu: kijana huyo anamwitaje mama yake?

Eti "mama".

Mama! Vilevile kama sisi humu ndani!

Nimefunga geti kwa kufuli.