Ufagio wa Profesa

Jumatatu, 6 Mei

Kumi na moja. Kati ya mia! Nimeigeuza karatasi juu chini nikitumaini itakuwa namba nyingine. Kumi na moja haina juu wala chini.

Mwalimu wa fizikia ametangaza mtihani wa marudio Ijumaa ya wiki ijayo. Asiyefikisha arobaini anahama darasa la sayansi. Hilo ningevumilia. Lakini Mjomba, ambaye ni fundi umeme, alikuwa ameahidi kunichukua kazini likizo hii. Nimeingoja ahadi hiyo tangu nina miaka tisa, siku nilipoipiga redio ya Bibi kofi ikaanza kuongea, na mtaa mzima ukaniita Profesa. Leo Mjomba kazisikia habari. Kasema mtu wa kumi na moja hamshikishi waya, asije akamrudishia dada yake majivu.

Mwalimu kasema pia kwamba kila siku baada ya kipindi cha mwisho atakaa maabara kumsaidia yeyote. Sharti ni moja: usilete swali, leta kosa. Ujaribu mwenyewe, ukosee, umpelekee. Mama kasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, niende, kwani mficha uchi hazai. Mimi sina mpango wa kuzaa. Mlango wa maabara unatazamana na uwanja wa netiboli, na nusu ya shule hushinda hapo. Profesa aonekane akiingia kuomba msaada? Thubutu!

Jumanne, 7 Mei

Nimepata njia. Nimejitolea kufagia maabara saa ileile ya msaada. Nitafagia, masikio wazi, elimu itaniingia yenyewe bila mtu kujua.

Nimefagia. Vumbi limepanda. Mwalimu kapiga chafya sita, kanishukuru, kanitoa nje. Nilichoambulia ni neno "sambamba".

Baya zaidi, kiranja mkuu kaona. Kasema kijana wa kujituma kama mimi ni nadra, na zamu ya maabara ni yangu mpaka mwisho wa mwezi.

Jumatano, 8 Mei

Nimewaza sana juu ya sharti la kosa. Mimi sina kosa. Kwenye mtihani, nisichokijua niliacha nafasi tupu, na nafasi tupu haina kosa. Ukitazama kwa haki, mimi ndiye niliyekosea kidogo kuliko wote.

Basi nitatumia kosa la mtu. Leo, nikimwaga kapu la taka la maabara, nimeokota karatasi ya Kamusi. Kamusi ni msichana wa dawati la mbele, anayejua kila kitu na uso wake unakujulisha kwamba anajua. Karatasi imekunjwakunjwa, ina doa la wino kubwa kama yai. Balbu mbili, betri moja, hesabu ukurasa mzima. Kama kaitupa, bila shaka kakosea. Kamusi naye hukosea! Nimefurahi mpaka nimekosa adabu, nimecheka peke yangu korido nzima.

Nimenakili yote kwa mwandiko wangu. Sikuelewa hata mstari mmoja.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeingia maabara na ufagio begani, nikampa Mwalimu karatasi kana kwamba nimeikumbuka tu. Kasoma. Kavua miwani. Kasoma tena. Kisha kasema hakuna kosa hapa, yote ni sahihi.

Kumbe Kamusi aliitupa kwa sababu ya doa!

Mwalimu kawaita wote waliokuja kusaidiwa, Kamusi akiwemo, waje waone. Kasema huyu Jumatatu alipata kumi na moja, tazameni bidii ilivyomfikisha. Kaniomba kuanzia wiki ijayo niwaelekeze vijana wanne wa kidato cha pili. Nimesema asante. Kwa nini nilisema asante? Kamusi kaitazama karatasi, kanitazama mimi, kautazama ufagio. Nimekosa raha ya chakula hadi jioni.

Jumamosi, 11 Mei

Mjomba anatandaza nyaya kwenye nyumba mpya, vyumba vitatu, bado haina milango. Kumuuliza siwezi, atajua sijui. Kwa hiyo nimemwambia shule imetutuma kuwapima mafundi kama wanaijua nadharia ya kazi yao.

Kashuka ngazi mbiombio kama mtu aliyetukanwa. Kachukua ubao, balbu mbili, betri ya pikipiki. Kaziunga kwenye mstari mmoja: zote zikafifia. Kaifungua moja: nyingine nayo ikazima. Kisha kaziunga kila moja na njia yake: zikang'aa zote. Kaifungua moja: nyingine haina habari! Kasema ndiyo maana taa ya chumbani ikiungua, ya sebuleni inaendelea. Kasema hiyo ya pili ndiyo sambamba. Kanifanyisha na mimi mara tano, ili nione kwamba hanidanganyi.

Nimempa themanini na tano kwa mia. Kanifuata mpaka barabarani, bisibisi mkononi, akidai zake kumi na tano.

Jumatatu, 13 Mei

Wanafunzi wangu wanne wamekaa mbele yangu kama vifaranga. Kila aliponiuliza mmoja, nikamuuliza yeye anaonaje, halafu nikamgeukia mwenzake nikamuuliza kama anakubali. Wamebishana nusu saa na wameelewa. Mimi nimetikisa kichwa tu. Ualimu ni kazi nyepesi sana.

Tatizo likawa hesabu. Mmoja kauliza kwa nini, balbu zikiwa sambamba, ukinzani wote kwa pamoja, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, unapungua badala ya kuongezeka. Jasho likanitoka. Hapo Kamusi, kutoka nyuma, kauliza eti, je, si kama ukumbi wenye mlango mmoja ukifunguliwa wa pili, watu wakatoka kwa urahisi zaidi? Nimemwambia anajitahidi. Maskini, angalau anajaribu.

Jumatano, 15 Mei

Nimetekwa! Kamusi kanisubiri kwenye kabati la mafagio. Kasema mwandiko ni wangu lakini hesabu ni zake, hata herufi yake moja aliyoikosea nimeinakili ilivyo. Nikajua nimekwisha. Lakini kasema hatanisema, mradi leo hii nitafute swali, nilifanye mwenyewe, nikosee mwenyewe, nimpelekee Mwalimu. Kisha kaongeza kwamba mwaka jana alipata tisa. Tisa! Chini yangu! Na kwamba alikuja hapa kila siku na kosa lake moja mkononi.

Sijui kwa nini ananiambia mambo yake.

Nimekaa kwenye kiti cha nyuma nikafanya. Balbu mbili sambamba, kila moja ukinzani wa sita. Nimepata theluthi moja. Mwalimu kacheka kwa furaha, kana kwamba nimempelekea zawadi. Kasema hilo ndilo kosa analolipenda: hatua zote sawa, nilisahau kulipindua jibu mwishoni. Si theluthi moja, ni tatu. Dakika mbili. Hakuna aliyenicheka, hata wanne wangu. Naandika hapa tu, mahali asipoona mtu: nilirudi nyumbani mwepesi, na nikapita katikati ya uwanja wa netiboli.

Ijumaa, 17 Mei

Mtihani. Swali la tatu: balbu mbili! Niliisikia sauti ya Mjomba, niliona mlango wa Kamusi, nikapindua jibu. Swali la tano nilikosea. Ila safari hii nililikosea kwa maandishi.

Jumatatu, 20 Mei

Hamsini na mbili! Mama kasimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi hata mgeni akibisha hodi, kanikumbatia na sindano mdomoni. Mjomba kasema nianze siku ya kwanza ya likizo, lakini kwanza nimrekebishie alama zake. Nimempa tisini. Tunaendelea kujadiliana. Nina furaha isiyo na mfano.

Mwalimu kaniambia nimeona mwenyewe faida ya kuomba msaada. Msaada gani? Nimetafakari jambo hili kwa utulivu. Mjomba nilimpima. Wanne niliwafundisha. Kamusi nilimvumilia. Aliyenipasisha ni ufagio: bila ufagio nisingeingia maabara, nisingeokota karatasi, nisingefika popote.

Leo pia tumerudishiwa kemia. Saba. Mwalimu wa kemia, mama mpole, kasema yupo ofisini kila saa ya mapumziko, mlango wazi, mtu aje tu aulize chochote, hata kosa hahitaji.

Aende anayetaka. Mimi nimeshaichungulia ofisi yake. Sakafu ni chafu sana.