Kibali Kisicho na Jina la Bosi

Jumatano, 8 Januari

Kibali cha kazi kimefika! Nimekisoma mbele, nikakisoma nyuma, nikakiinua kwenye taa. Hakina jina la bosi. Kile cha zamani kilikuwa na jina la banda la uyoga, kubwa, kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Hiki kinasema naweza kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Nikamuuliza mke wangu Arlyn huyo yeyote ni nani. Akasema ni yeyote tu, baba Jovelle, acha kumtafuta. Kibali kimekuja kwa sababu yake: ndiye aliyepandishwa cheo kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Mimi ni mume, nimevutwa nyuma yake kama trela.

Kwaheri uyoga! Ninachokitaka ni kimoja tu: kazi kwenye karakana ya makabati ya mzee Danylo. Kwetu Iloilo nilikuwa seremala, si mtu wa kupapasa uyoga gizani. Mchana nikaenda. Mzee akasema nije Jumatatu saa moja asubuhi, nitengeneze droo moja ya majaribio. Ikimridhisha, kazi yangu. Je, naitaka? Nikainua nyusi zote mbili mpaka zikakaribia nywele. Kwa moyo wote! Mzee akanitazama, akarudi kwenye randa yake. Hana maneno mengi.

Ijumaa, 10 Januari

Nilitaka kumrusha roho Efren tu. Efren ni kumpare wangu, maana ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo, na tangu anunue gari la kusukuma theluji hatupumui. Basi nikapiga picha ya kibali, nikaituma kwenye kundi la simu la Wailonggo wote, watu wa kwetu Iloilo tulio hapa Winnipeg.

Kosa! Miaka yote nimeishi hapa kwa amani kwa sababu ya uyoga. Mtu akiniomba nikamsaidie kazini, nasema samahani, kibali hakiniruhusu. Hakuna aliyenuna. Sasa nitasema nini? Kwetu humwambii mtu "hapana" machoni, labda kama unahama mji.

Wa kwanza kupiga ni Manang Violeta, dada yetu mkubwa hapa mjini, mwenye duka la mikate. Ndiye aliyetuvika makoti tulipotua na vishati. Akasema kijana wake wa unga ameacha kazi, nije Jumatatu alfajiri. Nikasema tutaona. Akafuata Efren: "Pare, Jumatatu theluji inakuja ya kufa mtu. Lete mgongo wako." Nikasema tutaona.

Kwetu hata mtoto mchanga anajua kwamba aliyesema tutaona amekataa. Lakini Manang amekaa huku tangu usichana. Akasema vizuri, aproni yako nimeshaipiga pasi.

Jumatatu, 13 Januari

Mpango kabambe: unga kwanza, theluji pili, droo tatu. Saa moja kamili niko kwa mzee. Nani atajua?

Unga haujui saa. Manang akasema hakuna kutoka mpaka ngano yote ikandwe. Nje Efren anapiga honi kama bibi harusi kachelewa. Mwisho nikachoropoka, nikaparamia gari lake. Mbele kidogo gari likanasa kwenye ileile theluji tuliyokuja kuiondoa. Tukalichimbua kwa makoleo. Efren akanifokea nisukume kama mwanaume, siyo kama nalibembeleza gari lilale.

Nikafika karakanani mchana. Unga nyweleni, theluji juu ya unga. Nilipoanza kuyeyuka nikawa donge. Mzee Danylo akauliza nimekuja kufanya nini. Nikasema droo. Akasema si nilikataa? Aliniuliza kama naitaka kazi, nikamtolea macho kama mtu aliyeulizwa bei ya mama yake. Nikamweleza kwamba kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo. Akasema hapa karakanani ndiyo hutoka mdomoni. Kuna fundi wa kutoka mji wa Dauphin, anakuja Alhamisi kujaribiwa.

Sielewi. Niliotaka kuwakatalia nimewafanyia kazi nusu siku. Niliyetaka kumfanyia kazi anajua nimemkatalia!

Jumanne, 14 Januari

Nimepata dawa. Nimempigia Efren, nikamwambia kibali changu kimefungwa tena. Akauliza kimefungwaje. Nikasema kimefungwa tu. Na nani? Nikasema kompyuta.

Jioni sebule imejaa akina mama, kila mmoja na sufuria ya pansit, tambi za kwetu, wanasali rozari kwa ajili ya kibali. Arlyn kaingia kutoka kazini, kaona mishumaa, kauliza nani amefariki. Manang akamjibu kwa machozi: "Kibali cha mumeo, mwanangu." Arlyn akanitazama. Akasali rozari yote hadi mwisho, kisha akaninyima pansit.

Na bado. Manang ndiye anayepeleka mikate kanisani kwa mzee Danylo, na huko kasikia habari ya droo. Amempigia kuniombea huruma: anichukue hivyo hivyo, maskini wa Mungu, hata kibali hana.

Alhamisi, 16 Januari

Mzee mwenyewe kapiga simu. Akasema pole sana, lakini yeye haajiri mtu asiye na kibali. Nikatoka mbio, kibali mkononi, koti halijafungwa.

Fundi wa Dauphin alikuwa ameshamaliza droo yake. Nzuri. Ukiivuta inalia kidogo. Mzee akavaa miwani, akasoma kibali changu polepole. Akasema kumbe Jumatatu nilikuwa na ruhusa halali ya kuja kwake, nikaenda kukanda unga. Akauliza mara ya mwisho kama naitaka kazi, na nyusi niziache zilipo.

"Naitaka!" Nilipiga ukelele, fundi wa Dauphin akaangusha penseli.

Nikafanya kazi hadi jua likazama. Droo yangu ilijifunga kwa kidole kimoja, kimya, kama inameza mate. Mzee akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena, akanusa mbao. Akasema Jumatatu, saa moja. Akasema na unga niuache nyumbani.

Jumamosi, 18 Januari

Ushindi! Arlyn amenipikia kuku. Akauliza kama nimejifunza. Nikasema sana: mtu ukitaka kukataa, kataa.

Simu ikalia. Manang, kwa vigelegele: rozari imejibiwa, kibali kimefunguka, basi Jumatatu alfajiri nije, mara hii tu. Kabla sijaketi, Efren: Jumatatu theluji tena, pare, usiniangushe. Nikawaambia wote tutaona.

Nimekaa, nimefikiri. Tatizo si mimi. Tatizo ni hiki kibali, kiko wazi mno, kila mtu anajiingilia tu. Jumatatu, nikishatoka kwa Manang na kwa Efren, nitamwomba mzee Danylo aiandikie serikali nipewe kingine, kilichofungwa, chenye jina lake peke yake. Hapo ndipo nitakuwa huru kabisa.

Nimemwambia Arlyn. Ameweka kijiko chini, ananitazama. Nadhani wazo limemgusa.