Babu Aliyetoka Kwenye Kompyuta

Mwaka ule wa dhiki Babati ilikosa sukari, ikakosa sabuni, ikakosa hata kiberiti, lakini haikukosa marehemu. Kila nyumba ilikuwa na picha ya wake ukutani, na kila mmoja alikuwa akifa mara ya pili: huyu kaliwa na mchwa, yule kafunikwa na masizi ya jikoni, mwingine paa limemvujia hadi akabaki koti na vifungo.

Watu wengine waliona msiba. Kasimiri, mpiga picha mwenye chumba kimoja karibu na stendi, aliona riziki. Alikata picha ya mashine fulani kutoka gazeti kuukuu, akaibandika mlangoni.

"Hii ni kompyuta," aliwaambia wapita njia. "Iko Arusha, kwa Mjerumani mmoja. Unaipa picha iliyoharibika, inafikiria weee, halafu inakurudishia marehemu wako mzima."

"Itamjuaje, na haijawahi kumwona?"

"Inajua hesabu zote za duniani, mzee wangu. Pua ya baba yako ni nini mbele ya hesabu?"

Swali hilo halikuwa na jibu, na kwetu swali lisilo na jibu huhesabiwa kuwa elimu. Wateja wakaja. Pesa hakutaka, wakati ule ungeinunulia nini? Alipokea maharage, samli, asali na kuku. Nao wateja, tuseme kweli, hawakuwa malaika.

"Hiyo kompyuta inaweza kumvalisha baba tai?" aliuliza mzee mmoja wa kijiji cha Bonga.

"Inaweza."

"Na viatu? Maana amekufa hajawahi kuvaa."

"Viatu ni kuku wa pili."

"Basi mtie na saa. Majirani watukome."

Kompyuta yenyewe ilikuwa na macho mawili, kaunda suti moja na mkasi. Kasimiri alikitia giza chumba chake, akajifungia humo siku kumi, watu wakiambiwa yuko Arusha. Palipoliwa uso alibandika uso mwingine, akauchorea makunyanzi na ndevu, akaupaka mvi kwa rangi nyeupe, kisha akaipiga picha upya ili mshono usionekane. Uso wa nani? Wa jirani ungetambulika. Wa magazetini ulikuwa wa viongozi, na Kasimiri hakuwa tayari kufungwa kwa ajili ya babu wa mtu. Akatumia wake. Alikuwa na picha moja aliyopigwa ujanani, ametoka mtanashati, na hakuona kwa nini wazee wa Babati wasifaidi.

Wakafaidi. Wa Bonga akapata ndevu, wa Nakwa akapata kofia na miwani, na kila fremu ilipofunuliwa watu walitokwa na machozi: "Ndiye! Ndiye kabisa!" Mtu aliyezikwa zamani hivyo, nani amekariri kidevu chake?

Siku moja akaja mjane kutoka Maisaka, Xaveria, anayeitwa Mama Fabiola, na picha ya babu wa marehemu mumewe. Babu huyo alipigwa picha na padri mzungu kabla ya vita, na wote waliomfahamu walishamfuata kaburini. Nyuma yake alikuja bintiye Fabiola, debe la maharage kichwani. Kasimiri alimtazama Fabiola hadi akasahau kuyatazama maharage, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Babu wa Maisaka alitengenezwa haraka haraka, maana fundi alikuwa na hamu ya kumpeleka mwenyewe. Tena wino mweusi ulishaadimika. Babu akaambulia mvi kidogo na sharubu nyembamba kama msafara wa siafu. Mama Fabiola alimtundika juu ya redio, akamwamkia shikamoo. Fabiola alimtazama babu, akamtazama fundi, akaenda kuchemsha chai.

Tangu hapo picha ile ikawa inahitaji kukaguliwa kila wiki. Mara vumbi, mara fremu imelegea. Kasimiri alikunywa chai isiyo na sukari huku akimchekesha Fabiola kwa visa vya utoto, hata kile cha baiskeli iliyomtupa kwenye seng'enge ikamchana sikio la kushoto. Fabiola alicheka mpaka akashika ubavu. Kasimiri akakihesabu kicheko kuwa ndiyo. Mapenzi ni homa, humpata hata tapeli.

Akafua kaunda suti kwa kipande chake cha mwisho cha sabuni, akamchukua Damiani kinyozi awe mshenga, wakaenda kuposa. Aliyewapokea ni Mzee Pantaleo, shemeji yake Mama Fabiola, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee hakuuachia mkono. Alimvuta hadi chini ya picha. "Simama hapa. Geuka kidogo. Usicheke." Akatazama juu, akatazama chini. "Mama Fabiola! Njoo uone maajabu! Pua ile. Kidevu kile. Na sikio la kushoto, limechanika vilevile! Hii ni alama ya ukoo!"

"Mzee, duniani watu hufanana," alisema Kasimiri, akijaribu kulifunika sikio.

"Mpaka masikio? Babu yetu alikwenda kibarua kwenye mkonge akakaa huko miaka saba. Kumbe hakukaa bure!" Mzee akamkumbatia, analia. "Mwanangu, karibu nyumbani."

Damiani alijaribu kuokoa jahazi. "Mzee, sisi tulikuja kwa habari ya Fabiola..."

"Dada yake? Mnataka amwoe dada yake? Mvua itakatika Babati nzima!"

Kasimiri alifungua mdomo. Maneno ya kumwokoa yalikuwa machache tu: huyo si babu yenu, ni mimi. Lakini maneno hayo yangefika Bonga na Nakwa kabla ya jua kutua, na chini ya kitanda chake yalipangwa madebe ya samli, mwaka ambao waficha bidhaa walisakwa nyumba kwa nyumba. Akaufunga mdomo. Akawa ndugu.

Haukupita mwezi, akaja mposaji mwingine: Marcelino, dereva wa lori, na wajomba zake.

"Kaka wa binti ndiye atakayetaja mahari," Mzee Pantaleo aliamua. "Huyu ana ulimi."

Hapo Kasimiri akaona mwanga. Angetaja mahari ya kuwakimbiza hadi Dodoma, na Fabiola angebaki. Siku moja, kwa namna moja au nyingine, undugu ungefutika.

"Ng'ombe," alianza, akataja idadi iliyomfanya hata Mzee Pantaleo akohoe. "Blanketi la mama. Blanketi la shangazi. Blanketi la shangazi ambaye hajafika. Mizinga ya asali. Na baiskeli mpya."

"Sawa," alisema mjomba wa Marcelino, mzee mpole mwenye pengo.

"Nimesema mpya!"

"Tumesikia. Sawa."

"Na redio!"

"Na betri zake," mjomba akaongeza.

"Mbona mnakubali kila kitu?"

"Mwanangu, mahari haimalizwi, hulipwa hadi wajukuu. Leo tumeleta mbuzi mmoja. Hayo mengine tumeyakubali." Akanyoosha mkono. "Umetaja, tumeitikia. Anayerudi nyuma sasa aibu ni yake."

Vigelegele vikapasua paa. Kasimiri alitoka nje, akajibanza ukutani. Fabiola akamfuata na kikombe cha chai.

"Asante, kaka. Nilimwambia Marcelino: huyo akitaja hata mwezi, wewe itikia."

"Kumbe ulijua?"

"Siku ile ya baiskeli. Kovu la seng'enge halirithiwi."

"Na hukusema!"

"Mama anamwamkia kila asubuhi. Nimnyang'anye babu kwa ajili yako?"

"Mimi nilikupenda kweli, Fabiola."

"Na maharage yangu uliyapenda. Niliyapalilia mwenyewe." Akamwachia kikombe mkononi, akarudi ndani kwa Marcelino.

Mzee Pantaleo alijitokeza mlangoni, uso umejaa furaha. "Uko hapa? Umeupa ukoo heshima leo! Sasa sikiliza, Jumamosi tunapalilia shamba la Nakwa, ukoo mzima. Jembe lako liko tayari, mpini nimeuchonga kwa urefu wako."

"Mzee, mimi Jumamosi nina safari ya Arusha, kwenye kompyuta..."

"Itasubiri. Alfajiri, mwanangu. Babu yako hakuwa mvivu."