Maegesho ya Kulilia, Upande wa Missouri

Delbert Crull alikuwa na kahawa mkononi alipoona magari saba yenye namba za Kansas uwanjani kwa duka la fanicha lililofungwa, ng'ambo ya barabara inayotenganisha majimbo ya Kansas na Missouri, upande wa Missouri. Katika kila gari mtu mmoja, simu usoni, analia.

Mwingine angeona huruma. Delbert aliona riziki.

Aliulizia, akaambiwa mshauri nasaha mwenye leseni ya Missouri haruhusiwi kumhudumia kwa simu mtu aliyeko Kansas. Basi watu wa Kansas huvuka barabara, hutoa ya moyoni humo garini, kisha hurudi nyumbani kupika. Waliotunga sheria hiyo walisoma sana.

Kesho yake Delbert alisimama langoni na kizibao cha njano na kitabu cha risiti.

"Dola ishirini, mama. Bila risiti yangu, nani atathibitisha ulikuwa Missouri?"

"Jana ilikuwa bure!"

"Jana ulivunja sheria, hukujua tu."

Walilipa. Wiki ya pili tamaa ikamzidi, akawa anawauzia ushauri wanaosubiri kupigiwa simu, dirishani, kwa dola kumi. "Mwache huyo mume," aliwaambia wote, hata wasio na waume.

Ndipo akaja Corinne Haskamp, mama wa makamo, faili kwapani. Alilipa, akasikiliza, akafungua faili.

"Mimi ni mkaguzi wa bodi ya washauri nasaha ya Missouri. Leseni yako ya ushauri iko wapi?"

Delbert alificha kitabu cha risiti mgongoni. Alikuwa nje ya jela kwa masharti. Kosa moja tu, anarudi ndani miaka minne.

"Mama, mimi naegesha magari tu!"

"Umeniambia nimwache mume wangu. Mume wangu amekufa."

"Pole sana, jikaze..."

"Huo nao ushauri. Niuandike?"

"Tuyamalize hapa hapa, mama'ngu. Tafadhali!"

Corinne alishusha pumzi kwa uchungu wa mtumishi mwadilifu. Akachukua pesa zote, risiti na kizibao, eti ushahidi. "Haya, vuka. Ukiwa Kansas sikuwezi."

Delbert alivuka mbio, akishukuru. Alipogeuka, Corinne alikuwa amevaa kizibao, anaelekeza gari.

"Dola thelathini, baba! Ingia!"

Delbert alitaka kupiga kelele. Lakini amshtaki kwa nani, bila kujishtaki? Akaketi ukingoni mwa barabara, machozi yakamtoka.

"Usilie huko, kaka!" Corinne alimwita. "Vuka uje huku. Thelathini tu!"