Malalamiko ya Kufungiwa Nyumba Moja na Mkamwana Wangu

Nyumba yenye utepe mwekundu,
Juu kidogo ya barabara ya Tukuyu,
Mbeya.

Kwa Ndugu Liberatus,
Afisa Afya wa Kata.

Ndugu Afisa Afya,

YAH: KUOMBA KUTENGANISHWA NA MTU AMBAYE SIKUWAHI KUKARIBIANA NAYE

Mugonile, ndiyo salamu yetu huku. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umenawa mikono, na umekaa mbali na wenzako kama unavyotuhubiria. Mimi ni yule mzee uliyemfungia ndani baada ya mwanangu Anord kurudi kutoka machimbo ya Chunya akiwa na homa na malengelenge mwili mzima, mkasema ni Mpox. Mlimpeleka hospitali, na nasikia anaendelea vizuri. Kwa hilo nashukuru sana, sina neno. Neno langu linahusu sisi mliotubakiza.

Siku ile ulisimama mbele ya majirani ukatueleza mamlaka yako. Serikali inaweza kufunga nyumba, kufunga njia, kufunga soko, kuchoma godoro, na kumzuia mtu mwenye akili zake timamu asiende shambani kwake. Nilikubali yote. Hata godoro la Anord lilipochomwa, kiberiti nilitoa mimi. Lakini ukaongeza jambo moja dogo: kwa kuwa mgambo wa kutulinda ni mmoja, na nyumba zetu ni mbili, basi wote tuliobaki tuingie nyumba moja ili tusimsumbue. Wote tuliobaki ni watu wawili: mimi, na Tumpe, mke wa Anord.

Ndugu Liberatus, wewe ni mtu wa Iringa, na sitaki kuwasema watu wa Iringa kwa maandishi. Labda huko kwenu baba mkwe na mkamwana wanachambua mboga pamoja. Kwetu sisi Wanyakyusa, tuliobaki wa zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, na hatamki jina lake. Tumpe ameolewa hapa miaka minane. Akinisikia nakohoa njiani, anakata kona anaingia migombani. Nami nikiona kitenge chake bombani, nageuka kama mtu aliyesahau jembe. Tumeishi hivyo kwa amani kubwa, na sura yake naijua kwa picha ya harusi tu. Sasa nakuletea malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kwamba umewakutanisha watu ili uwatenganishe. Ulitufundisha kuwa maana ya karantini ni watu kukaa mbali. Sisi tulikuwa mbali kabla wewe hujaajiriwa. Ulikuta umbali mzuri, wenye shamba zima la migomba katikati, umetunzwa bila posho wala semina. Ukaufuta, ukatupa mwingine wa mita moja.

2. Kwamba mmenipoteza nikiwa kwangu. Muuguzi wako alimwuliza Tumpe jina la mkuu wa kaya. Hawezi kulitaja, ni mwiko. Akainama. Muuguzi akaandika "hajulikani". Tangu hapo mgambo Dastan anapotoa ripoti kwa simu kila asubuhi, namsikia nje ya dirisha: "Mama mmoja, mzima. Mzee mmoja asiyejulikana, naye mzima." Nimezaliwa kijiji hiki. Kanisani watu wananipisha kwenye benchi langu. Leo ninyi mmenifanya mpita njia kwenye sebule yangu.

3. Kwamba nyumba ina chumba na sebule, basi. Nilitundika shuka katikati. Tumpe akileta chakula anaingia kinyumenyume, kitenge kimefunika kichwa, anainama na kupapasa sakafu mpaka apate pa kuweka sahani. Juzi bakuli la mboga lilikaa juu ya kofia yangu ya ibada. Nami nikitaka kwenda chooni sharti nikohoe kwanza ili ajifiche. Mtu wa umri wangu huenda chooni mara nyingi. Dastan akahesabu vikohozi, akaripoti dalili, mkaja mbio mmejifunika manailoni kama watu wa kurina asali, mkanielekezea usoni kile kipima homa chenu cha mfano wa bastola. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naomba njia.

4. Kwamba ugonjwa huu una upendeleo. Soko la ndizi mlilifunga, na akina mama wakatazama mikungu ikioza. Haikupita wiki, akapita mgeni mkubwa. Watoto wa shule wakapangwa barabarani wamebanana wakiimba, viongozi mkakumbatiana, na pilau ikaliwa sinia moja watu sita. Niliona yote dirishani kwangu, maana sina pengine pa kwenda. Ndoo ya kunawia mikono ilikuwepo, tena imefungwa riboni, ila maji hayakuwemo kwenye ratiba. Nauliza bila hasira: huyu mdudu huwa anasoma kadi ya mwaliko kabla ya kuingia?

5. Hili ndilo kubwa, na linaniuma kuliandika. Wiki hii nilishikwa na homa ya kweli. Nikalala nyuma ya shuka langu natetemeka, nikaanza kuzungumza na marehemu mke wangu kama vile kakaa pale. Tumpe akamwita Dastan. Dastan akarudi nyuma mpaka barabarani, akamjibu: "Dada, mie siwezi kusogea hapo bila amri." Akakupigia simu. Ulikuwa kikaoni. Akapiga tena. Kikao kilikuwa kinaendelea, na nasikia kilihusu namna ya kuwafikia wagonjwa haraka.

Hapo Tumpe akalivuta shuka likaanguka. Akaninyanyua kichwa, akaninywesha maji, akanitazama usoni waziwazi. Kisha akaenda dirishani akapiga ukelele uliofika mpaka kanisani: "Obeid Mwasomola anakufa! Leteni daktari jamani! Obeid Mwasomola!" Jina langu lote, mpaka la ukoo, kinywani mwa mkamwana wangu, mbele ya mgambo na abiria wa magari yanayokwenda Tukuyu. Watu wakajaa, simu zikapigwa kila upande, muuguzi akafika. Vipimo vikasema ni malaria, na huo ugonjwa wenu sina. Nimepona. Lakini heshima iliyokaa miaka minane imevunjwa mchana kweupe, na aliyeivunja si Tumpe. Ni wewe, kwa kutumia mgambo mmoja.

6. Kwa sababu hizo naomba nitenganishwe na Tumpe mara moja. Asubuhi ukisoma hii, jioni iwe imekwisha.

7. Na kwa kuwa sipendi kulalamika bila kushauri, naomba serikali itumie mamlaka yake yote na kutangaza kwamba, mpaka ugonjwa uishe, kila mwananchi ni mkwe wa kila mwananchi. Utaona matokeo. Hakuna atakayempa mwenzake mkono. Hakuna atakayekula sinia moja na mtu. Sokoni wanunuzi watakohoa kwa mbali, na muuzaji ataacha ndizi chini na kujificha. Vikaoni wajumbe watakaa wamepeana migongo, na hakuna atakayethubutu kutaja jina la mkubwa, jambo ambalo naona mmeshalizoea. Mgeni akija, watoto wote watakimbilia migombani, na wimbo atausikia kutoka huko. Mgambo hutahitaji hata huyo mmoja, kwa sababu aibu inalinda usiku na mchana na haipigi simu kuomba amri.

Ukiona pendekezo hili ni la kijinga, basi nitengenezee jingine ambalo halianzi kwa kumfungia mzee na mke wa mwanawe.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie karani wako, muuguzi aliyenipa dawa, na dereva wenu anayeziba pua akipita hapa. Anord mkimwona wodini mwambieni baba yake yupo. Dastan nitamsalimia mwenyewe, na nitamkumbusha kuwa ndizi za mbele ya nyumba hazimo kwenye karantini.

Mimi niliyefungiwa,
Obeid Mwasomola
(kwenu: hajulikani)

Nyongeza baada ya sahihi:

Kabla sijampa Dastan bahasha, ametusomea amri yako mpya. Kumbe manung'uniko yangu yote alikuwa anakufikishia kwa simu. Unasema kwamba, kwa kuheshimu mila za wenyeji, Tumpe ahamishiwe leo kwenye darasa la shule, akae huko peke yake, nami nibaki hapa peke yangu. Sijawahi kuona serikali ikisikiliza kwa kasi namna hii, na naiomba sana isirudie.

Kwa mamlaka gani? Nani kakwambia humu ndani kuna mila inayovunjika? Ninavyoandika, Tumpe anachambua maharage na mimi nimeshika ungo. Shuka amelifua, liko kitandani kwake. Hatutazamani sana, tunaona haya bado. Lakini amenieleza kuwa yale maji ya moto ninayoyakuta mlangoni kila asubuhi, miaka yote, alikuwa anayaweka yeye. Mimi nilidhani ni jirani yangu Rabson, na nilimpelekea mkungu wa ndizi kumshukuru. Aliupokea bila kusema kitu. Hilo nitakuja kulileta ofisini kwako kwa barua nyingine.

Amri yako ya kwanza ilisema asitoke mtu humu mpaka siku zitimie. Sisi ni raia watiifu, tumeweka komeo kwa ndani. Dastan anagonga, nasi tunakohoa.

Muuguzi akitaka kurekebisha daftari lake, asije kuniuliza mimi jina langu. Amuulize Tumpe.